Tisa Iliyojaa

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa hasira. Nilikuwa nimetoka ofisini saa ya chakula cha mchana baada ya bosi kunipa za uso kwa kosa la mtu mwingine, na nikawa natembea katikati ya mji bila haja ya kufika popote. Karibu na River Road mwanamume mmoja alikuwa ametandaza karatasi ya nailoni kando ya barabara na kupanga vitabu vya mtumba: vya uhasibu, vya mapenzi, vya namna ya kutajirika kabla ya uzee. Kimoja kilikuwa na picha ya lango la shule lililorundikiwa maua na wanasesere. Nilikiokota nikasoma maneno ya nyuma. Kiliandikwa na mama mmoja wa ng'ambo ambaye binti yake alipigwa risasi darasani, na aliyempiga alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo.

"Siz, hiyo ni ya kulia," muuzaji akaniambia. "Kuna mama alinunua, akairudisha kesho yake, akasema hawezi maliza. Si uchukue hii ya biashara?"

"Nipe hiyo hiyo ya kulia."

"Sawa, lakini mimi siirudishi tena."

Nilikuwa na sababu yangu, na afadhali niiseme mapema. Mtoto wa kwanza wa dada yangu alikufa katika moto wa bweni. Alikuwa kidato cha pili katika shule ya wavulana iliyoko mbali na Nairobi. Mlango wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje, kwa sababu wavulana walizoea kutoroka kwenda kutazama video sokoni, na madirisha yalikuwa na vyuma. Ndivyo ilivyokuwa. Nayasema kwa ufupi kwa kuwa tangu tumzike hakuna mtu wa jamaa yetu aliyekuwa ameyasema, si kwa ufupi wala kwa urefu.

Kwenye mazishi, kamati ya matanga iliandika katika wasifu wake kwamba kijana wetu "aliitwa na Bwana akiwa usingizini". Mzee wa kanisa aliusoma kwa sauti nzuri, ile ya kusomea matangazo ya harusi. Mwakilishi wa shule alisimama akatuombea faraja, na akatuarifu kwamba bweni jipya lingejengwa. Hakuna aliyetaja kufuli. Nilikuwa nimekaa nyuma ya dada yangu na nilimwona akigeuza shingo taratibu kumtazama aliyekuwa akisoma, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa vibaya. Kisha akina mama wa kanisa wakamwekea mikono mabegani, wakamgeuza tena aangalie mbele.

Sasa niwaeleze kuhusu mama yetu, maana bila yeye hamtaelewa. Mama alizaliwa upande wa Dagoretti, akaolewa Riruta, na hajawahi kuishi mahali ambapo haoni vilima vya Ngong akitoka nje kunawa uso. Ploti yake iko mtaa wa Satellite: nyumba yake mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, na katikati uwanja anaoufagia mwenyewe kwa sababu hakuna mpangaji anayejua kufagia. Ni mama mwenye imani na mwenye amri. Na kwa jambo moja alikuwa kama mama yake mzazi kabisa: hakubali watoto wa mtu wahesabiwe kwa sauti.

Ni desturi ya kwetu ya zamani. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo." Ukisisitiza, atakuuliza kama wewe ni karani wa serikali. Nyanya yetu alikuwa mkali zaidi. Hata alipolazimika kuhesabu watu, hakutamka kumi. Alifika tisa, kisha akasema "tisa iliyojaa", na kila mtu wa rika lake akajua ni kumi. Waliona kwamba ukimaliza hesabu ya watu waziwazi, utakuwa umemwonyesha adui aanzie wapi. Sisi watoto tulikuwa tukimchokoza kwa kuhesabu vidole mbele yake, saba, nane, tisa, tisa iliyojaa, naye akitufukuza kwa kanga.

Sikuwa na ubaya na desturi hiyo mpaka mtoto wa dada yangu alipokufa. Baada ya hapo niliona inavyogeuzwa pazia. Mtu akimwuliza dada yangu kanisani au dukani ana watoto wangapi, mama alikuwa akidakia kabla dada hajafungua mdomo: "Watoto hawahesabiwi." Watu wakacheka kidogo, wakapita. Dada naye akafunga mdomo. Kila desturi hiyo ilipotajwa, mvulana alizikwa tena, na safari hii bila hata wimbo. Picha yake iliyokuwa ukutani sebuleni kwa mama ilitolewa, pakatundikwa kalenda ya kanisa. Nilipouliza, mama alisema ukuta ulikuwa na unyevu.

Basi, nilitaka kitu kimoja tu: dada yangu aulizwe ana watoto wangapi, na ajibu mwenyewe.

Kitabu kile kilinipa kazi. Sikuweza kukisoma ofisini kwa sababu ya ile picha ya jalada; wenzangu walikuwa wakiinama kuangalia, halafu wananitazama mimi kwa huruma. Nikakifunika kwa karatasi ya kaki, kama mama alivyotufundisha kufunika vitabu vya shule kila Januari, pembe zikikunjwa vizuri na kubandikwa kwa ndani. Nilikisoma kwenye benchi la bustani mchana, mkono mmoja na mahindi ya kuchoma na mwingine na kitabu. Kurasa za mwanzo zilinishinda. Yule mama alieleza asubuhi ya mwisho: binti yake alikuwa hapati kiatu kimoja, wakagombana, mtoto akatoka nyumbani amenuna. Nilifunga kitabu nikakiweka chini ya mkoba, nikamchukia mwandishi. Nilijiuliza ni mtu wa namna gani anayekaa chini na kuandika jambo kama hilo, halafu analiuza.

Kesho yake nikarudi nacho. Mahindi sikununua.

Kilichonivuta ni kwamba mama yule hakupamba neno. Hakuna mahali aliposema binti yake "alituacha". Aliandika kwamba alipigwa risasi. Aliandika ni darasa gani, mlango upo upande gani, nani aliarifiwa kwanza na nani alidanganywa. Aliandika kwamba watu walimletea chakula kingi mpaka friji haikufunga, na kwamba aliwachukia kwa chakula chao, na kwamba alikila. Nilicheka hapo, peke yangu bustanini, huku machozi yakinitoka, na mtu aliyekuwa amelala kwenye nyasi akainua gazeti usoni akaniangalia. Nilimwangalia pia mpaka akarudisha gazeti lake.

Nilipofika katikati nikaamua kumpelekea dada.

Dada yangu hushona sare za shule. Kibanda chake kiko Satellite, si mbali na kwa mama, na kila Januari wazazi hujazana mlangoni na watoto wao ambao wamerefuka ghafla. Hupima kwa utepe na kuongeza inchi kidogo, "ya kukulia", husema. Tangu msiba alikuwa ameendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, isipokuwa kitu kimoja: hakushona tena sweta za rangi ya damu ya mzee, rangi ya shule ya mwanawe. Mteja akija na rangi hiyo alimwelekeza kwa fundi mwingine, bila kueleza. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alipokea msiba kwa kuongeza safari. Hivyo hapo kibandani dada alikuwa peke yake na cherehani, na akina mama wa kanisa wakipita kumwambia jikaze.

Kujikaza. Neno hilo nililichoka kabisa. Hapa Nairobi hata watoto wanatuambia jikaze kisabuni, utadhani tumeumbwa kwa mafuta na magadi.

Nilimwambia Jumamosi moja, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, "Dada, nimepata kitabu kibaya sana."

"Kibaya vipi?"

Nikamweleza. Alikuwa akipindua kola. Hakuinua macho.

"Mtoto wake alikuwa na umri gani?"

"Kama wa kwako."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Nilidhani nimeharibu. Nilikuwa tayari kuomba radhi, mimi ambaye siombi radhi hovyo.

"Nisomee," akasema.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha dada ni cha kusomea maelekezo ya dawa. Nikawa naangalia sentensi, nasema kwa lugha yetu ya nyumbani, naangalia nyingine. Ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu lugha yetu ina namna kumi za kukwepa kifo na mimi nilikuwa nimekataa kuitumia hata moja. Aliyeuawa nilisema ameuawa. Dada alishona. Mahali pazito alikanyaga pedali kwa nguvu mpaka sauti yangu ikamezwa, nami nikangoja mpaka apunguze. Siku ile alishona sketi moja mshono ukaenda upogo kutoka kiunoni hadi chini, akaufumua wote, na nikaendelea kusoma wakati anafumua.

Ikawa desturi yetu ya Jumamosi. Nilitoka kwangu mtaa wa Jamhuri baada ya kufua, nikapanda gari hadi Satellite, nikasoma mpaka wateja wa jioni walipoanza kuja.

Jumamosi moja nikafika pale mama yule anapoeleza darasa la jirani. Mwalimu wa darasa hilo aliposikia milio alikimbilia mlango akaufunga kwa ndani, akawalaza watoto sakafuni mbali na kioo. Aliyekuwa na bunduki alijaribu mlango, ukakataa, akapita. Watoto wote wa humo walitoka wazima.

"Nirudie hapo," dada akasema.

Nikarudia.

"Kwao kufuli liliokoa."

"Ndiyo."

"Na anayeshika ufunguo alikuwa ndani pamoja nao."

Alisimama akaenda mlangoni mwa kibanda, akashika fremu kwa mikono miwili. Wakati huo akapita mpangaji wa mama, fundi wa umeme, akasalimu, "Sasa, mama?" na dada akamjibu, "Poa, baba," kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akanigeukia akaanza kusema. Alisema mambo ambayo sikuwa najua kwamba anayajua. Mtoto wake aliwahi kumwambia likizoni kwamba bweni hufungwa kwa nje, naye alimjibu asome kwa bidii amalize atoke. Alisema alikwenda shuleni kuuliza baada ya mazishi, akapewa chai na mandazi, akaambiwa aache Mungu afanye kazi yake. Alisema watu humwambia mambo ya bunduki shuleni ni ya Wazungu, huku kwetu hakuna.

"Ni kweli hatuna," akasema. "Sisi tuna kufuli."

Nilitaka kumkumbatia lakini sisi si watu wa kukumbatiana. Nikamshikia kitambaa akate.

Kurasa zilizofuata ndizo zilizotuletea balaa. Mama wa kitabu alikuwa dukani, foleni ya kulipia, na mwanamke asiyemjua akamwuliza, kama watu wanavyoulizana, ana watoto wangapi. Alikuwa na binti aliyekufa na mvulana mdogo aliyekuwa hai. Akajibu, "Mmoja." Akafika nyumbani akaketi ndani ya gari hata barafu aliyonunua ikayeyuka. Akaandika kwamba siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa binti yake duniani, na akaapa haitarudiwa. Kuanzia siku hiyo, kila aliyemwuliza alimjibu, "Wawili."

Dada aliifunika cherehani kwa shuka lake, ingawa bado ilikuwa mapema na kulikuwa na kazi. Alinisindikiza mpaka kwa mama, tukanywa chai, na huko ndiko nilikosahau kitabu mezani, katika karatasi yake ya kaki.

Mama hufunika vitabu vyake vyote kwa kaki. Biblia, kitabu cha nyimbo, mwongozo wa masomo ya akina mama. Jumatano alikuwa na ushirika Woodley, kwa mwenyekiti wa kundi lao, mama mstaafu mwenye nyumba ya zamani ya baraza na waridi mlangoni. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mama kusoma. Na mama yangu alijivunia kusoma: alisoma kwa wamisionari, na Kiingereza chake kilikuwa na kona kali kama shati lililopigwa pasi. Akachukua kitabu chenye kaki mezani, akakitia kwenye mkoba, akaenda.

Nilisimuliwa na dada, ambaye alisimuliwa na mama mwingine aliyekuwepo. Mwenyekiti alisema wafungue somo. Wengi wao walikuwa na miongozo ya Kikikuyu, mama na wawili wengine walikuwa na ya Kiingereza. Mama akavaa miwani, akafungua palipokuwa na alama yangu, akaanza kusoma kwa sauti yake ya kanisani, wima, bila kungoja kuelewa. Akasoma habari za mwanamke aliyekuta chombo cha chakula cha mtoto wake kwenye sinki, kimebaki na kipande cha mkate kilichoumwa, na aliyekataa kukiosha. Akina mama wakatikisa vichwa wakisema amina. Mmoja akauliza huyo ni mwanamke yupi katika Maandiko. Mama akaendelea sentensi nyingine mbili kabla sauti haijakatika.

Walikiombea kile kitabu. Mwenyekiti alikiweka katikati ya meza, kati ya chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu, wakakinyooshea mikono kukemea roho ya mauti. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, na nikimaliza kucheka nakasirika.

Mama alinipigia simu ofisini, jambo alilofanya tu kwa msiba.

"Wewe msichana, umeleta nini nyumbani kwangu?"

"Kitabu, mama."

"Umekivalisha nguo za kanisa."

"Nimekifunika kaki. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Unamsomea dada yako mambo hayo? Kidonda kinakauka, wewe unakikwaruza."

"Hakikauki, mama. Kimefunikwa tu."

Akakata simu. Jioni nilipopita kukichukua alinipa nikiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani. Alikuwa amekifunga kwa mfuko wa plastiki mara mbili, kama nyama. Aliniambia kisirudi tena ndani ya ploti yake. Nikamwambia kibanda cha dada hakiko ndani ya ploti yake. Tukaangaliana. Nimerithi macho yake, kwa hiyo hakuna aliyeshinda.

Tuliendelea kusoma. Kama nilikuwa nikifika saa ya chakula cha mchana, sasa nilifika asubuhi. Akina mama wawili wa kanisa walikuja kibandani kumshauri dada, mbele yangu, ajihadhari na vitabu visivyomjenga. Nikawauliza ni kitabu gani kimemjengea mtu mtoto. Dada akaniambia ninyamaze, kisha akawauliza kama wamekuja kupimwa au wanazibia wateja mlango. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia akiwa mkali, na nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa.

Mwezi uliofuata mama alikuwa anatimiza miaka sabini, na ndugu yetu wa kiume, kifungua mimba, alipanga ibada ya shukrani pale uwanjani Satellite. Hema lilikodishwa, viti vya plastiki, mabango, kila kitu. Mnajua shughuli zetu: chakula kinaweza kuchelewa, mvua inaweza kunyesha, lakini utambulisho lazima uwepo. Kila mtoto wa nyumba husimama na mwenzi wake na watoto wake, hujitambulisha kwa kipaza sauti, watu hupiga makofi, wanakaa. Nimewahi kuona utambulisho ukichukua muda mrefu kuliko ndoa yenyewe.

Wiki ya sherehe mama alituita. Alikaa kwenye kiti chake chini ya ile kalenda ya kanisa.

"Kwenye utambulisho," alisema, akimtazama dada, "utasimama na hawa ulio nao. Useme majina yao, ukae. Siku ya furaha tusiiharibu. Na mjue kwetu watoto hawahesabiwi."

"Mama," nikaanza.

"Sijaongea na wewe."

"Lakini ukiona mjukuu wako ni wa kuharibu sherehe..."

"Nimesema sijaongea na wewe."

Alikuwa akikunja na kukunjua kona ya kanga yake magotini. Niliona, na kwa hasira yangu nikasoma kwamba ni hasira yake. Tulipotoka nje nilimwambia dada kwamba kama hatasema yeye, nitasema mimi, hata wanitoe kwa nguvu.

"Wewe kaa na watoto wako," akasema. "Huyu ni wangu."

Siku ilifika, jua likiwa kali na hema limejaa. Kundi lote la akina mama wa ushirika lilikuwa mstari wa mbele, na kitambaa cha kichwa cha mwenyekiti wao kilisimama kama bendera. Aliyeendesha shughuli alikuwa mzee yule yule wa kanisa aliyesoma wasifu kwenye mazishi, na sauti yake ilikuwa nzuri vilevile. Mama alikaa mbele kwenye kochi lililotolewa sebuleni, amevishwa shuka la zawadi mabegani, keki kubwa mezani mbele yake.

Ndugu yetu alianza. Yeye, mkewe, watoto wao wanne. Makofi. Kisha ikawa zamu ya dada.

Alisimama na mumewe, ambaye alikuwa ameegesha lori na kuja, na watoto wao watatu mbele yao, wote wamevaa nguo alizoshona mwenyewe. Mzee akampa kipaza sauti. Dada akataja jina lake, la mumewe, kisha la mtoto mmoja mmoja, akimgusa kichwa. Nilianza kupumua nikidhani amekubali yaishe. Hakukirudisha kipaza sauti.

"Nina watoto wanne," akasema. "Hawa ni watatu. Wa kwanza wao hayupo hapa. Aliungua shuleni pamoja na wenzake, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Hakuwa usingizini. Alikuwa mlangoni, tulimkuta mlangoni. Mkiniuliza nina watoto wangapi, ni wanne."

Kisha akasema jina lake. Sitaliandika hapa, lakini yeye alilisema lote, la ubatizo na la babu, na kipaza sauti kililirudisha kutoka kwenye ukuta wa vyumba vya wapangaji.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto fulani aliangusha chupa ya soda ikabingirika chini ya viti. Mumewe dada alikuwa ameangalia miguu yake, na mkono wake ulikuwa umeshika ukosi wa gauni la dada nyuma, kama anayemzuia asianguke au anayejizuia mwenyewe. Mwenyekiti wa akina mama alianza kuinua pambio. Nilimwangalia. Pambio likafia kooni.

Nilisimama na watoto wangu wawili kabla ya kuitwa, kwa sababu kimya kile kilikuwa kinataka kumkalisha dada na mimi sikutaka akae peke yake. Nikajitambulisha. Nikasema mimi ni shangazi wa watoto wa kaka na mama mdogo wa watoto wanne wa dada. Nikakaa.

Mzee wa kanisa alikuwa na uzoefu wa kufunika mambo. Alichukua kipaza sauti, akakohoa, akasema tumshukuru Mungu kwa kila jambo, na kwa kuwa muda umekwenda, tumpigie mama yetu makofi ya kilo, mama aliyejaliwa watoto watatu na wajukuu... Akatuangalia, akahesabu vichwa kwa kidole, wanne wa kaka, watatu wa dada, wawili wangu.

"Wajukuu tisa," akasema.

Watu wakainua mikono kupiga makofi, kwa nafuu ya kupata kitu cha kufanya. Mama akainua wake pia, lakini wake ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu. Mzee hakuelewa. Mama akakunja vidole mara mbili, kama anavyomwita mtoto aliyebeba kitu kisicho chake, na mzee akamletea kipaza sauti.

Alikishika mbali na mdomo, hakuwa amewahi kukishika. Nilimwona akimtafuta dada kwa macho mpaka akampata. Nilijua anachotaka kusema. Nilijua atasema watoto hawahesabiwi, na nilikuwa tayari nimeshaanza kuinuka kitini kwa vita.

"Tisa iliyojaa," mama akasema.

Wale vijana hawakuelewa kitu. Mzee wa kanisa, aliyekuwa mzee wa cheo tu na si wa rika la mama, alitabasamu akidhani ni baraka. Lakini mstari wote wa mbele, wale wanawake wa rika la mama, nyuso zao zilibadilika mara moja, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuvua vitambaa vya kichwa na kujifuta machozi.

"Umesikia?" mama akamwambia mzee, kwa ile sauti yake ya kusomea. "Nimesema tisa iliyojaa. Useme hivyo."

Mzee akasema hivyo.

Kisha mama akamrudishia kipaza sauti, akavuta kisu cha keki, akamwambia dada aje akate naye.